Dawa inapotuliza akili lakini ikaukaza mwili

Mgonjwa wa akili anapoanza kutumia dawa, familia hufurahi kuona kwamba sasa analala usiku, anakula, na hasikii tena sauti zinazomtisha. Lakini baada ya wiki chache furaha hiyo inaweza kuingiwa na wasiwasi. Mgonjwa anatembea kwa hatua fupi fupi na mikono yake haichezi. Uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Kikombe cha chai kinatikisika mkononi mwake na mate yanamtoka. Wengine husema amekuwa mvivu. Wengine husema amerogwa tena, au kwamba dawa zimemharibu kabisa.

Mara nyingi haya ni maudhi ya dawa, nayo yanaweza kurekebishwa. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya familia, wahudumu wa afya wa jamii na watu wanaowatembelea wagonjwa nyumbani. Itawasaidia kutambua dalili hizi mapema na kujua la kufanya bila kuhatarisha afya ya mgonjwa.

Kwa nini dawa hizi hukaza mwili?

Mwaka 1817 daktari wa London aitwaye James Parkinson aliandika kuhusu wagonjwa waliotetemeka, waliotembea wakiwa wameinama na ambao mwendo wao ulikuwa wa polepole. Ugonjwa huo leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1952 madaktari wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa klopromazini. Dawa hiyo ilileta nafuu kubwa. Hata hivyo, muda si mrefu madaktari waliona kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wakifanana na watu wenye ugonjwa wa Parkinson.

Sababu ilieleweka baadaye. Ubongo hutumia kemikali iitwayo dopamini kupeleka ujumbe. Arvid Carlsson wa Sweden, aliyefanya utafiti wake katika miaka ya 1950, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi yake kuhusu kemikali hii. Tunaweza kuifananisha dopamini na ufunguo unaoingia kwenye kufuli. Katika sehemu moja ya ubongo ufunguo huo unahusika na mawazo na hisia. Katika sehemu nyingine unaongoza mwendo wa mwili.

Kwa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson, funguo zimepungua kwa sababu chembe zinazozitengeneza zinakufa. Kwa mtu anayetumia dawa za ugonjwa wa akili, funguo zipo, ila dawa imeziba tundu la kufuli. Kuziba huko ndiko kunakonyamazisha sauti. Lakini dawa haiwezi kuchagua sehemu moja tu ya ubongo, na dozi ikiwa kubwa mno, makufuli ya mwendo nayo yanazibwa. Ndiyo maana mwili unakaza.

Dawa zinazoleta shida hii zaidi ni zile za zamani, ambazo hupatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu: haloperidoli, klopromazini, na sindano ya flufenazini ambayo hutolewa kila baada ya wiki kadhaa. Risperidoni nayo huweza kuileta, hasa dozi ikiwa kubwa. Wanawake na wazee hupatwa zaidi. Kumbukeni pia kwamba metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, huziba makufuli hayo hayo.

Jinsi ya kutambua

Huhitaji kifaa chochote. Mwombe mgonjwa ruhusa, kisha angalia mambo haya:

- Aketi na kuweka mikono mapajani. Je, vidole au mikono inatetemeka ikiwa imepumzika?
- Ainuke kwenye kigoda bila kujishikilia. Je, anashindwa au anachukua muda mrefu?
- Atembee hatua kumi na kugeuka. Je, anaburuza miguu? Je, mikono inabaki imening'inia bila kucheza?
- Agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka. Je, mwendo unapungua na kuwa mdogo?
- Mkunje na kumkunjua kiwiko taratibu. Je, mkono ni mgumu, au unakwenda kwa mikatomikato?
- Aandike jina lake. Je, herufi zinazidi kuwa ndogo?

Ulizeni dalili hizi zilianza lini. Zinazosababishwa na dawa huanza kati ya siku chache na miezi mitatu baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi, na mara nyingi huonekana pande zote mbili za mwili. Ugonjwa wa Parkinson kwa kawaida huanza upande mmoja na kuongezeka polepole kwa miaka.

Wakati mwingine maudhi huja kwa sura nyingine. Mgonjwa hawezi kutulia. Anakaa, anasimama, anazungukazunguka, na anasema miguu yake inamsumbua. Familia inaweza kudhani ugonjwa umerudi na kuomba dawa iongezwe, na dawa ikiongezwa hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mwulizeni mgonjwa mwenyewe anavyojisikia mwilini kabla ya kuamua kwamba ni akili.

Njia tatu zenye hatari

Kuacha dawa ghafla. Mgonjwa au ndugu wanaona mateso na wanazitupa dawa. Kwa muda mwili unaweza kulegea, lakini baada ya wiki au miezi sauti na hofu vinaweza kurudi. Mgonjwa anaweza kukimbia nyumbani, kujidhuru au kufungwa kamba na watu wanaomwogopa. Kwa wale wanaochomwa sindano, dawa hubaki mwilini kwa wiki nyingi, hivyo kukosa sindano moja hakuleti nafuu ya haraka.

Kuvumilia kimya. Wengine hudhani hakuna la kufanya, au wanaogopa kumkosoa daktari. Mtu aliyekakamaa anaweza kuanguka, kupaliwa na chakula, na kushindwa kulima au kuuza sokoni. Kisha siku moja anachoka na kuziacha dawa bila kumwambia mtu.

Kuongeza dawa juu ya dawa. Uso usio na hisia unaweza kudhaniwa kuwa ni sonona, na kutetemeka kudhaniwa kuwa ni uzee. Mgonjwa hupewa dawa mpya wakati chanzo ni dawa ya kwanza. Levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, kwa kawaida haifai hapa, maana inaweza kuamsha tena ugonjwa wa akili.

Kliniki inaweza kufanya nini?

Mrudisheni mgonjwa kliniki bila kungoja tarehe yake. Chukueni dawa zote anazotumia, pamoja na zile za dukani na za mitishamba. Andikeni katika daftari dalili mlizoziona na siku zilipoanza. Mhudumu wa afya anaweza:

- Kupunguza dozi hatua kwa hatua, huku akiangalia kama ugonjwa unabaki umetulia. Hii ndiyo hatua ya kwanza. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa dozi ndogo kuliko waliyopewa siku walipokuwa na hali mbaya.
- Kubadilisha dawa. Kwetiapini na klozapini hukaza mwili mara chache zaidi. Lakini nazo zina maudhi yake, kama kuongezeka uzito, na klozapini huhitaji kupimwa damu mara kwa mara.
- Kutoa benzheksoli kwa muda mfupi. Hii hupunguza kukakamaa na kutetemeka. Shirika la Afya Duniani halishauri kila mgonjwa apewe dawa ya namna hii kama kinga. Hukausha mdomo, huleta kufunga choo na ukungu machoni, na kwa wazee huweza kuvuruga kumbukumbu.

Dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, mwili huanza kulegea baada ya wiki chache, ingawa wengine huhitaji miezi kadhaa. Kwa wachache dalili haziondoki. Baadhi yao, hasa wazee, walikuwa na ugonjwa wa Parkinson uliojificha, na wanahitaji kupimwa na daktari.

Mpelekeni hospitali mara moja ikiwa:

- ana homa kali, mwili umekakamaa sana na amechanganyikiwa;
- shingo imejipinda, taya zimekaza au macho yamekwama yakitazama juu;
- anashindwa kumeza au kupumua.

Hali ya kujipinda hutokea zaidi katika siku za kwanza za dawa, na vijana wa kiume hupatwa mara nyingi. Watu hudhani ni pepo na kumkalisha mgonjwa kwenye maombi usiku kucha. Waumini wanaweza kumwombea njiani, lakini safari ya hospitali isicheleweshwe. Sindano inayofaa huweza kumlegeza kwa muda mfupi.

Familia na jamii

Wakati mnangoja dawa irekebishwe, mpeni mgonjwa muda wa kutosha kula, kuvaa na kujibu anapoulizwa. Ondoeni vitu vya kujikwaa njiani kuelekea chooni. Mpeni chakula laini, naye ale akiwa ameketi wima. Tembea naye kila siku, na mpe kazi ndogo anayoiweza.

Msimcheke wala kumwita mvivu. Mtu ambaye uso wake hautabasamu bado anasikia yote yanayosemwa. Akijua kwamba malalamiko yake kuhusu dawa yatasikilizwa, atakuwa tayari kuendelea kuitumia.

Maswali ya majadiliano

- Katika jamii yetu watu husema nini wanapomwona mgonjwa wa akili anayetetemeka au kutembea polepole? Maneno hayo humfanya mgonjwa ajisikieje?
- Je, tunawajua watu walioacha dawa zao? Walikuwa na sababu gani? Nani aliwasikiliza?
- Kliniki iliyo karibu iko umbali gani? Nani anaweza kumsindikiza mgonjwa, na nauli itatoka wapi?
- Kila mmoja ajaribu kumpima mwenzake kwa mambo sita yaliyoorodheshwa hapo juu. Ni lipi lililo gumu kuliangalia? Tungemwombaje mgonjwa ruhusa bila kumwaibisha?