Demokrasia kwa Mtutu wa Bunduki

SWALI: Bwana Mhariri, je, yamkini dola moja kulitwika taifa jingine demokrasia kwa nguvu? Wenzangu hushikilia mfano wa Japani.

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji, kwamba rasimu ya katiba ya Japani, iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947, iliandikwa na maofisa wa Jemadari MacArthur, Mmarekani aliyeisimamia Japani baada ya kushindwa vitani, kwa muda wa takriban juma moja, walakini Wajapani walikuwa na bunge tangu 1890, na takriban wanaume wote waliotimiza miaka 25 walikwisha kupewa haki ya kura mwaka 1925, hata wageni walipowasili waliukuta msingi, na makarani wa serikali wangali kazini. Huko Iraki, kinyume chake, baada ya majeshi ya Marekani kumwangusha dikteta, mnamo Mei 2003 mtawala wa Kimarekani, Paul Bremer, alilivunja jeshi zima kwa amri moja, na askari wenye silaha na ujuzi wakarejea majumbani bila riziki wala heshima. Uchaguzi ulifanyika Januari 2005, lakini mwaka uliofuata raia waliuana kwa madhehebu.

Kwa hiyo, silaha zaweza kumwondoa dhalimu, lakini haziwezi kuwafanya raia waaminiane. Na pasipo kuaminiana, sanduku la kura halina faida.