Mtoto ni wa Nani?

Mwezi huu twataka kulitazama jambo moja ambalo huletwa mara kwa mara mbele ya wazee wa sharika, tena huamuliwa upesi kuliko inavyofaa. Mume na mke wakiisha kuachana, watoto wakae kwa nani? Walio wengi hujibu pasipo kufikiri ya kuwa watoto ni wa baba. Nao hulisema neno hilo kana kwamba limetoka katika mila zetu tu, na kwamba ni Wazungu waliotuletea habari ya mama kudai watoto. Sivyo. Katika nchi ya Uingereza, ambayo sheria zake zimeacha alama nyingi katika sheria za nchi yetu, neno lilikuwa lile lile, tena kwa ukali. Basi yafaa tuanze huko, tuone jinsi lilivyogeuzwa, na mambo yaliyompata mama aliyesimama kulipinga.

Kwa sheria ya kale ya Waingereza mke hakuhesabiwa kuwa mtu mbali na mumewe. Fedha aliyoichuma ilikuwa ya mume, na watoto aliowazaa vivyo hivyo. Mwaka 1804 Bibi De Manneville, aliyekuwa amemwacha mumewe, alikuja mbele ya majaji kulalamika. Mtoto wake alikuwa na umri wa miezi minane, angali akinyonya. Baba alikuja akamnyakua, akamchukua karibu uchi katika gari la wazi, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Jaji mkuu, Lord Ellenborough, aliyasikia hayo yote, akahukumu ya kuwa baba ndiye mwenye haki kwa sheria, na mtoto hakurudishwa. Angalieni, ndugu, kwamba shauri lile halikuwa juu ya mwenendo wa mama, wala juu ya mtoto aliyekatizwa maziwa. Lilikuwa juu ya mwenye mali na mali yake.

Aliyeitikisa sheria hiyo ni Bibi Caroline Norton, aliyezaliwa mwaka 1808, mwandishi wa mashairi na hadithi. Aliolewa na George Norton mwaka 1827, akamzalia wana watatu. Mume alikuwa mtu wa hasira, akampiga mara nyingi. Mwaka 1836 aliwaondoa watoto wote nyumbani, mdogo wao akiwa na umri wa miaka miwili na kitu, akamzuia mama yao asiwaone. Kisha akamshtaki Lord Melbourne, aliyekuwa Waziri Mkuu, ya kwamba amezini na mkewe, akadai paundi 10,000. Shauri lilipokwisha kusikilizwa, wazee wa korti hawakutoka hata nje kushauriana, wakaamua papo hapo kwamba Melbourne hana hatia. Katika siku hiyo yote Bibi Norton hakupewa nafasi ya kusema neno moja, maana kwa sheria yeye hakuwa mshtaki wala mshtakiwa. Ugomvi ulikuwa wa wanaume wawili.

Mtu angedhani kwamba baada ya hukumu ile angerudishiwa watoto wake. La, hasha. Alionekana kuwa hana hatia, lakini hali yake haikubadilika hata kidogo, kwa kuwa hawakuchukuliwa kwa sababu ya hatia. Ndipo akashika kalamu. Mwaka 1837 aliandika kitabu kidogo juu ya haki ya asili aliyo nayo mama kwa mtoto wake, na baadaye akaandika kingine kwa jina la mwanamume, Pearce Stevenson, ili kisidharauliwe kabla ya kusomwa. Mwanasheria Thomas Talfourd, mmoja wa wajumbe wa Bunge, akalichukua jambo hilo mkononi. Mwaka 1838 Baraza la Mabwana lilikataa. Mwaka 1839 likakubali.

Je, sheria ya 1839 ilitoa nini? Ilimpa mama ruhusa ya kwenda kwa jaji wa korti ya Chancery kuomba akae na watoto wake walio chini ya umri wa miaka saba, na kuwaona walio wakubwa zaidi. Kwetu sisi neno hilo laonekana dogo, lakini kabla ya mwaka ule hakuwa na pa kuomba. Hata hivyo mlango ulikuwa mwembamba sana. Mwanamke aliyethibitishwa kuwa amezini hakuruhusiwa hata kuomba, bali mume mzinzi hakuzuiliwa na neno lo lote kukaa na watoto. Kosa lilikuwa moja, vipimo viwili. Wala Bibi Norton mwenyewe hakufaidiwa na sheria aliyoipigania, kwa sababu mumewe alikuwa amewapeleka watoto Uskoti, na sheria ile haikufika huko. Mwaka 1842 mwanawe mdogo, William, alianguka kutoka juu ya farasi, akajeruhiwa. Mama alipoitwa akaja, alimkuta amekwisha kufa. Baada ya msiba huo ndipo baba alipolegea, akawaacha wana wawili waliosalia wamwone mama yao.

Mtu asidhani kwamba kupata mahali pa kuomba kuliondoa upendeleo. Mwaka 1873 umri ule wa miaka saba uliongezwa hata miaka kumi na sita, lakini miaka mitano baadaye, mwaka 1878, Bibi Annie Besant alinyang'anywa binti yake Mabel kwa amri ya korti. Mumewe alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiingereza. Yeye mwenyewe alikuwa ameiacha imani, akashtakiwa pia kwa kuchapisha kitabu kilichofundisha watu namna ya kuzuia mimba. Jaji alikiri ya kuwa mama amemtunza mtoto kwa upendo na uangalifu mwingi. Hata hivyo akamwondoa kwa ajili ya mawazo ya mama yake. Sisi hatumtetei Bibi Besant katika habari ya imani. Lakini twauliza kama mtoto yule alisaidiwa na hukumu hiyo. Alipokuwa mtu mzima na kuwa na hiari yake, alirudi kwa mama yake, na ndugu yake vilevile.

Polepole swali lenyewe likageuka. Sheria ya mwaka 1886 iliagiza korti itazame manufaa ya mtoto, pamoja na mwenendo na matakwa ya wazazi wote wawili. Sheria ya mwaka 1925 ikasema wazi kwamba manufaa ya mtoto yatangulie mambo yote. Hata hivyo Waingereza hawakumpa mama haki sawasawa na baba juu ya watoto mpaka mwaka 1973. Tangu kitabu kile cha Bibi Norton ilikuwa imepita miaka 136.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliziandika mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwe sheria, na humo iliandikwa ya kuwa watoto waliozaliwa katika ndoa ni wa baba. (Katika makabila yanayofuata ukoo wa mama, kama Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, lakini mara nyingi mwenye neno ni mjomba, si mama mwenyewe.) Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nayo ikaweka manufaa ya mtoto juu ya yote. Baada ya hayo korti iangalie matakwa ya wazazi, na matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kutoa shauri lake, na mila za watu hao. Mila haikufukuzwa barazani, ila imepewa kiti cha nyuma. Tena sheria hiyo ilisema kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama yake, mpaka ionyeshwe vingine. Msomaji ataukumbuka umri huo.

Wako wanaonung'unika ya kuwa kwa hiyo korti zawapendelea akina mama. Twaona wamekosea. Ni dhana tu, nayo yaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Wala si zawadi kwa mama, bali ni kwa ajili ya mtoto mchanga. Na katika vikao vya jamaa na vya wazee, ambako mashauri mengi huishia bila kufika kortini, mambo huenda kinyume kabisa. Mama huulizwa, “Kwa nini uliondoka?” lakini mume haulizwi kwa nini mke alikimbia usiku. Mama huulizwa kama aliwahi kuonekana na mwanamume mwingine, na baba ambaye amekwisha kuoa mke mwingine huhesabiwa kuwa amepata mtu wa kumlelea watoto. Hapo twaviona tena vipimo viwili vya mwaka 1839, na waamuzi hawana habari kwamba wanavitumia.

Neno linalowashinda akina mama wengi ni umaskini. Husemwa, “Wewe huna nyumba, huna shamba, utawalisha nini?” Lakini sheria ile ya 1971 ilimwagiza baba awatunze watoto wake, wakae kwake au wakae kwa mtu mwingine. Basi chakula cha mtoto kilicho wajibu wa baba chawezaje kuwa sababu ya kumnyima mama? Tena mara nyingi shamba analoambiwa hana ndilo alilolilima kwa miaka kumi, akaondoka mikono mitupu. Na watoto wakiisha kuchukuliwa, si baba anayewalea. Hupelekwa kwa bibi yao mzaa baba, mwanamke mzee ambaye naye hana fedha, wala hakuna amwulizaye atawalisha nini.

Wazee wa sharika walio katika mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yafaa wajue mpaka wa kazi yao. Baraza hupatanisha, likishindwa, huandika hati ya kwamba limeshindwa, na shauri huendelea kortini. Kuamua watoto wakae kwa nani ni kazi ya korti, nayo mama aweza kuianza katika Mahakama ya Mwanzo. Mama akiambiwa katika kikao kwamba neno limekwisha kwa sababu jamaa wamekubaliana, halijaisha. Hata amri ya korti yenyewe yaweza kubadilishwa hali ikibadilika. Yeye aliyenyimwa watoto kwa kuwa alikuwa akilala kwa kaka yake, na sasa amepata nyumba, aweza kurudi kuomba tena.