Jihadhari na vumbi la asbesto katika dari na mapaa ya zamani



Ndugu msomaji, kila Ramadhani inapokaribia, misikiti na madrasa zetu nyingi hufanyiwa ukarabati. Vijana hujitolea, dari kuukuu hushushwa, vipande hupigwa nyundo na vumbi hufagiwa nje. Ni kazi njema. Lakini kama dari au paa hilo lina asbesto, vijana wetu wanaweza kuvuta vumbi litakalowaletea maradhi wakiwa watu wazima.

ASBESTO NI NINI?

Ni madini yanayochimbwa ardhini, yenye nyuzi nyembamba mno. Hayaungui kwa moto wala hayaozi. Kwa sababu hiyo, wajenzi wa karne iliyopita waliyapenda. Waliyachanganya na saruji wakapata mabati ya kijivu yenye mikunjo, mabomba, na bodi za dari na za kuta. Majengo mengi ya zamani ya Afrika Mashariki, yakiwemo ya shule na nyumba za watumishi, yaliezekwa hivyo. Kwa macho peke yake huwezi kuwa na uhakika. Ni maabara tu inayothibitisha. Basi bodi ya zamani ya kijivu, ngumu na yenye kuvunjika kama kigae, ichukulie kuwa ni asbesto.

MADHARA YAKE

Bodi ikiwa nzima na haijaguswa, hatari yake ni ndogo. Hatari huanza inapokatwa, inapotobolewa, inaposuguliwa au inapochakaa. Nyuzi zisizoonekana kwa macho huruka hewani, tukazivuta hadi ndani ya mapafu, na mwili hauwezi kuziondoa zote. Matokeo yake ni haya:

1. Mapafu kupata makovu na kukakamaa, mgonjwa akakosa pumzi. Ugonjwa huu unaitwa asbestosisi na hauna dawa ya kuuponya.

2. Saratani ya mapafu. Kwa mvutaji sigara hatari huongezeka maradufu na zaidi.

3. Mesothelioma, yaani saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo.

Maradhi haya huchelewa. Aghalabu hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, wakati mgonjwa ameshasahau kazi aliyoifanya.

Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto huko Rochdale, Uingereza, akiwa na miaka 33. Dk. William Cooke aliyachunguza mapafu yake akakuta chembe za madini hayo. Mwaka 1960, Dk. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wao kutoka eneo la machimbo la Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi jirani tu, utotoni. Hata wake waliofua nguo za kazi za waume zao wamewahi kuugua. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya asbesto ya makazini.

TUFANYE NINI?

Kwa ndugu zetu wa Kintinku na vijiji jirani wilayani Manyoni, kiangazi ni kirefu na upepo hupeperusha vumbi mbali. Kwa hiyo:

a) Bodi nzima iacheni ilivyo. Msiipige msasa wala brashi ya waya.

b) Msiwatume watoto wa madrasa wala vijana wa kujitolea kuezua paa hilo. Kamati iwasiliane kwanza na afisa afya au afisa mazingira wa halmashauri. NEMC na OSHA ndizo zinazohusika na taka hatari na usalama kazini.

c) Kipande kikianguka, kiloanisheni kwa maji kabla ya kukigusa, kisha kifungeni ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Msifagie vumbi kavu. Lifuteni kwa kitambaa kibichi, nacho kifungwe humo.

d) Kitambaa cha puani na barakoa ya kawaida havizuii nyuzi hizi.

e) Msitumie vipande kuzibia banda la kuku, kufunikia mtungi au kushindilia sakafu.

f) Nguo zenye vumbi zisikung'utwe ndani ya nyumba wala kuchanganywa na za watoto.

Anayekohoa kwa muda mrefu au kukosa pumzi aende kituo cha afya. Apimwe kifua kikuu, na amweleze daktari kazi zote alizowahi kufanya, hata za miaka 30 iliyopita.

Kamati za misikiti, jambo hili liwekeni katika ajenda kabla ya fundi kupanda juu. Kuahirisha ukarabati mwezi mmoja ni bora kuliko kuwauguza vijana wetu baadaye.