Fundisho: Kifutu Hakimbii

Nyoka wengi wasikiapo kishindo cha miguu hujiondokea. Kifutu sivyo. Nyoka huyu mnene na mfupi, ambaye wengine humwita moma, hutulia kimya akimngojea panya. Rangi yake yafanana na majani makavu, hata mtu aweza kumkanyaga asimwone. Basi, kwa kuwa yeye hatupishi, hatuna budi kumpisha sisi.

Je, yafaa kumwua kila aonekanapo? La. Panya ndiye mwizi wa mtama na uwele vihengeni, na kifutu humla. Tena amwendeaye kwa fimbo hujisogeza mwenyewe karibu na meno yake.

Watu wa Busi na Kondoa yote wayashike haya:

Kwanza, atembeaye usiku achukue taa na kuvaa viatu, maana kifutu hutembea zaidi usiku.

Pili, majani kando ya nyumba yafyekwe, na kuni zisirundikwe karibu na mlango. Kumbukeni kwamba hata Mtume Paulo, katika kisiwa cha Malta, nyoka alimtokea katika kuni.

Tatu, nafaka ihifadhiwe vyema, kwa maana palipo na panya nyoka hufuata.

Nne, watu walale kitandani, na chandarua kichomekwe chini ya godoro.

Tano, amwonaye nyoka arudi nyuma polepole na kuwazuia watoto.

Mtu akiumwa, asichanjwe, wala jeraha lisinyonywe, wala mguu usikazwe kwa kamba. Jiwe jeusi la nyoka nalo haliondoi sumu. Avuliwe viatu, pete na bangili kabla hajavimba. Alazwe, mguu usitikisike, kisha achukuliwe upesi hospitalini, asiende kwa miguu yake. Sumu ya kifutu huozesha nyama. Acheleweshwaye aweza kupoteza mguu, au uhai.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 81,000 hata 138,000 hufa kwa nyoka kila mwaka ulimwenguni. Mwaka 2017 liliuweka msiba huu katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, nalo lakusudia kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Kwa hiyo, enyi walimu, wasomeeni watu fundisho hili kabla ya mvua za kwanza, wakati wa kusafisha mashamba. Tena kila kijiji kipatane mapema ni nani atakayemchukua mgonjwa, na kwa chombo gani.