Maji Ndani ya Oili: Pima Kwanza, Ndipo Ufungue Injini

Fundi wa injini anajibu barua za wasomaji wa Dodoma na jirani zake.

Nimekuta povu jeupe chini ya kifuniko cha kumwagia oili. Naambiwa gasketi ya hedi imekufa. Nifungue injini? (Barua kadhaa zimeuliza hili.)

Usifungue. Swali hili linaniuma, kwa sababu watu wanalipia matengenezo ya hedi nzima. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Mwingi hutoka kupitia eksozi. Kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Asubuhi za Juni na Julai Dodoma zina baridi. Gari likitoka Area C hadi Majengo na kuzimwa kabla oili haijapata moto, mvuke huo hugeuka maji chini ya kifuniko na kutengeneza povu. Chomoa stiki. Kama oili yake ni safi, kimo hakijapanda na maji ya rejeta hayapungui, futa povu, nenda Chamwino na kurudi, kisha uangalie tena.

Stiki nayo ikiwa na rangi ya maziwa, au kimo kikipanda wakati hujaongeza oili, usiwashe: oili ya namna hiyo hula beringi za krenki. Gari lilale mahali tambarare. Asubuhi, injini ikiwa baridi, legeza boliti ya sampu taratibu mpaka idondoshe. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwa yamejitenga yatatangulia kutoka. Kisha rejeta ijazwe upepo kwa pampu yenye geji, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wake, mara nyingi baa 0.9 au 1.1. Geji ikishuka na nje hakuna tone, maji yanavujia ndani. Hata hapo chunguza kwanza oili kula, yaani kipoza-oili, maana nacho kikitoboka huchanganya maji na oili, hasa kwenye malori ya dizeli.

Oili yangu ni safi. Basi gasketi ni nzima?

Si lazima. Inaweza kupasuka kati ya njia ya maji na silinda bila kugusa oili. Tazama moshi mweupe usiokoma injini ikiwa moto.

Binzari au yai kwenye rejeta huziba ufa?

Huziba rejeta.

Fundi ametoa thamostati kwa kuwa huku ni joto.

Airudishe. Injini isiyopata moto ndiyo inayozaa lile povu.

Natumia maji ya kisima, Manyoni. Yana ubaya?

Yanao. Visima vingi vya uwanda huu vina chumvi na chokaa. Ule ukoko mweupe wa kwenye birika hujijenga pia ndani ya injini, gari huchemsha, na hedi ya aluminiamu hupinda. Tena Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: maji yasiyobanwa na mfuniko huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Badilisha mfuniko uliochoka mpira, na utumie kulanti iliyokwisha kuchanganywa.

Ndugu msomaji, anayesema gasketi imekufa akuonyeshe stiki, tone la kwanza la sampu na geji. Asiyeweza, usimkabidhi injini yako.