Dawa ya miti shamba imeua seli maabara: je, ni tiba?

SWALI: Mama ana saratani ya matiti. Tumeambiwa mizizi inayochimbwa huku Bunda na Butiama imepimwa maabara ikaua seli za saratani. Aache hospitali?
Msomaji, Musoma

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Hapana, asiache.

Katika maabara, mzizi hukaushwa, husagwa na kuloekwa kwenye alkoholi ili kupata dondoo. Dondoo hutiwa kwenye seli za saratani zilizooteshwa katika vishimo vidogo, kisha huongezwa kemikali ya njano. Seli hai huigeuza zambarau. Zambarau ikififia, nyingi zimekufa. Lakini sumu yoyote huua seli. Lazima ijulikane kama seli zenye afya zinasalimika.

Mfano ni maytansini, kemikali ya mimea iliyotangazwa mwaka 1972, ambayo ilipatikana kwenye mimea ya Milima ya Shimba, Kenya. Katika maabara ilifanya vizuri. Kwa wagonjwa ikawa kali mno. Mwaka 2013 tu Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya matiti ambamo kingamwili huibeba kemikali ya jamii hiyo hadi kwenye uvimbe.

Mpeleke mama Bugando, Mwanza, na mweleze daktari kila mzizi aliokunywa. Saratani haisubiri.