Wafungwa Wengine Wanasikiliza

Maandiko ya wiki: Matendo 16:16–40, 1 Wathesalonike 2:1–2 na 5:16–18, Zaburi 13



Wiki hii nimepewa nafasi ya kufundisha kuhusu shukrani na uvumilivu, na wacha niseme ukweli mapema. Hili ni somo ambalo kuna wakati nilikuwa sitaki hata kulisikia. Mtu akisimama mbele na kusema tumshukuru Mungu, mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Wengi wenu mnanijua kama yule mzee wa kanisa anayewakaribisha mlangoni. Wachache ndio wanakumbuka nilipokuwa nakaa kiti cha mwisho kabisa, ili ibada ikiisha niwe wa kwanza kutoka.

Chukua Biblia yako tusome pamoja. Kama unasoma hii ukiwa kwenye matatu, malizia nyumbani, lakini usiache.

1. Mstari wa 25 unakuja kabla ya mstari wa 26

Paulo na Sila wako Filipi. Kuna msichana mtumwa mwenye pepo wa uaguzi, na mabwana zake wanapata pesa nyingi kupitia kwake. Paulo anamwamuru yule pepo atoke kwa jina la Yesu, na pepo anatoka. Sasa mabwana wakaona biashara imekufa. Wakawakamata Paulo na Sila, wakawaburuta sokoni mbele ya mahakimu. Hakuna kesi iliyosikilizwa. Nguo zikararuliwa, wakachapwa fimbo nyingi, wakatupwa kwenye chumba cha ndani kabisa cha gereza, na miguu yao ikabanwa kwenye mbao.

Hebu fikiria hali yao. Mgongo umechanika, huwezi kulala chali. Miguu imebanwa, huwezi kugeuka. Na kosa lako ni kwamba ulimsaidia mtu.

Mstari wa 25 unatuambia kwamba usiku wa manane watu hawa wawili walikuwa wakiomba na kumwimbia Mungu. Mstari wa 26 ndio unaleta tetemeko la nchi, milango kufunguka na minyororo kulegea. Angalia mpangilio huo. Wimbo ulikuja kwanza, na walipokuwa wakiimba hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba tetemeko liko njiani. Kwa jinsi walivyojua wao, kesho ingeweza kuwa mbaya kuliko leo.

Sasa tujiulize bila kuoneana haya. Shuhuda zetu hapa kanisani huanzia mstari wa ngapi? Kazi imepatikana, tunasimama. Mtoto amepita mtihani, tunasimama. Shamba limeuzwa vizuri, tunasimama. Ni vyema, na tuendelee kusimama. Lakini tumezoea sana mstari wa 26, mpaka ndugu aliye kwenye mstari wa 25 anadhani hana lolote la kusema mbele za Mungu. Najua hivyo kwa sababu nilikuwa ndugu huyo.

2. Kiti cha mwisho

Mwaka wa 2020, korona ilipoingia, kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi kilitupunguza. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka kumi na moja. Tuliambiwa twende nyumbani, malipo yetu yatafuata. Hayakufuata. Wakati huo makanisa yalikuwa yamefungwa, na yalipofunguliwa Julai tuliruhusiwa watu mia moja tu kwa muda wa saa moja. Kusema kweli nilifurahia ile saa moja. Hakukuwa na muda wa ushuhuda, kwa hivyo hakuna aliyeniuliza Mungu amenitendea nini.

Niliingia vibarua vya mjengo. Siku nzuri napata shilingi 500, siku mbaya narudi na vumbi la simiti peke yake. Karo inadaiwa, dukani kuna daftari lenye jina langu, na mwenye nyumba anapiga simu kila tarehe tano. Lakini kilichonimaliza zaidi si deni. Nilianza kuchelewa kurudi nyumbani makusudi. Nilikuwa nazunguka mtaani mpaka saa nne usiku ili nikifika nikute watoto wamelala, wasiniangalie mikono kuona kama nimebeba kitu. Mama watoto alikuwa anajua. Hakusema neno. Mimi nikajiambia nawaepusha na huzuni, kumbe nilikuwa nawaacha kidogo kidogo huku bado tunaishi nyumba moja.

Wapendwa, mtu haanguki siku moja. Anaanza kwa kuchelewa.

3. Mama mmoja akasimama

Jumapili moja mwaka wa 2021, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Akasimama mama mmoja wetu anayeuza mboga kando ya barabara. Sote tulijua kijana wake amegongwa na gari na amelala hospitalini wiki nyingi. Tukafikiri ametolewa, watu wakaanza kupiga makofi.

Yule mama akainua mkono, akatunyamazisha. Akasema, "Bado hajatoka. Bili haijalipwa, na daktari hajaniambia kama atatembea. Nimesimama kwa sababu jana alishika kijiko mwenyewe akala uji. Nilikuwa nimemlisha kama mtoto mchanga siku hizo zote. Basi namshukuru Mungu kwa hicho kijiko." Akakaa.

Kanisa likanyamaza. Hatukujua kama tuseme amina au tulie. Mimi pale nyuma nilihisi kama mtu amenishika bega. Huyu mama shida yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, na hakuwa ameficha hata moja. Alizitaja zote, kisha katikati yake akaona kijiko. Mimi nyumbani nilikuwa na watoto wazima wenye afya, na nilikuwa nawakimbia.

Siku hiyo sikutoka wa kwanza.

4. Nani anakusikia?

Rudi mstari wa 25, kuna sehemu ambayo tunairuka. Luka anaandika kwamba wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Gereza lile lilikuwa na watu ambao hawakumjua Yesu, kila mtu na kosa lake, kila mtu na giza lake. Wamezoea kusikia waliochapwa wakilia na kulaani. Usiku huo wakasikia kitu kipya.

Kisha milango ikafunguka. Mlinzi akaamka, akaona milango wazi, akachomoa upanga ajiue. Kwa nini? Alijua wafungwa wakitoroka, uhai wake ndio utalipa. Soma Matendo 12:19 uone Herode alivyowafanya walinzi Petro alipotoka. Lakini Paulo akapaza sauti kumzuia, akamwambia wote wako pale. Wote! Sio Paulo na Sila peke yao. Wale wafungwa wengine pia hawakukimbia. Biblia haituelezi kwa nini walikaa. Mimi naona watu waliokuwa wakisikiliza tangu usiku wa manane hawakuwa tayari kuwaacha wale walioimba.

Na mlinzi akaokoka, yeye na nyumba yake. Yule aliyewabana miguu ndiye aliyewaosha majeraha saa ile ile ya usiku.

Mpendwa, ukishukuru ndani ya shida yako, usifikiri unamwambia Mungu peke yake. Yuko mtu kiti cha mwisho anasikiliza. Yuko mtoto upande wa pili wa pazia anasikiliza jinsi baba anavyoomba siku ambayo hakuna unga. Yule mama hakujua kwamba mimi ni mfungwa kwenye chumba cha jirani. Mpaka leo ananishangaa nikimwambia kwamba kijiko cha mtoto wake kilinirudisha nyumbani.

5. Kushukuru si kunyamazia ubaya

Hapa tuwe makini, kwa sababu kuna mafundisho yanayoumiza watu. Kuna wanaomwambia mama anayepigwa kwamba ashukuru tu. Kuna wanaomwambia aliyedhulumiwa kwamba kulalamika ni kukosa imani. Ndugu zangu, hilo Maandiko hayasemi.

Paulo alipowaandikia Wathesalonike washukuru, neno alilotumia katika Kiyunani linasema "katika" kila jambo. Ndani ya jambo lenyewe, hata likiwa baya, Mungu hajaondoka. Lakini uovu ni uovu, na Paulo mwenyewe aliuita kwa jina lake. Asubuhi mahakimu walipotuma watu kusema waachiliwe, aliyeimba usiku alikataa kutoka kimya kimya. Soma mstari wa 37. Alisema wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa, nao ni raia wa Rumi, basi hao wakubwa waje wenyewe wawatoe. Na wakaja, tena wakiwa na hofu.

Kwa hivyo mtu anaweza kuimba usiku na kudai haki yake asubuhi. Mimi pamoja na wenzangu tulikwenda ofisi ya kazi kuhusu malipo yetu. Tulipata sehemu, na sehemu nyingine bado tunafuatilia. Ninashukuru, na bado ninafuatilia. Hayo mawili hayagombani.

Na kama leo huna nguvu ya kushukuru, anza na Zaburi 13. Ni fupi, ina mistari sita tu. Daudi anaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Anamwambia kabisa kwamba anaona amesahauliwa. Halafu mwishoni anaimba. Mungu hakumfukuza kwa maswali yake. Malalamiko yakipelekwa kwa Mungu yanakuwa maombi. Tukiyaficha, yanatuoza ndani.

6. Waliandika wakiwa na makovu

Kutoka Filipi walikwenda wapi? Matendo 17:1 inasema walipita Amfipoli na Apolonia mpaka Thesalonike. Ni mwendo wa kama kilomita 160, kama kutoka Nairobi kufika Nakuru, na siku hizo hakukuwa na matatu. Mtu aliyechapwa hivyo anasafiri na vidonda vibichi mgongoni.

Ndiyo maana baadaye, katika 1 Wathesalonike 2:2, anawakumbusha jinsi walivyoteswa na kutendewa jeuri Filipi kabla ya kufika kwao. Na ukiangalia mstari wa kwanza kabisa wa barua ile, utakuta jina la Silwano, yaani Sila, liko kando ya la Paulo. Wale wale wawili wa usiku wa manane! Basi ukifika sura ya 5 ukasoma lile agizo la kufurahi, kuomba bila kukoma na kushukuru, usidhani limetoka kwa mtu aliyeketi kwenye kiti chenye mto. Ni watu wenye makovu wanaandikia watu wenye shida.

Na lile kanisa la Filipi, lililoanza kwa Lidia na kwa mlinzi wa gereza, halikuwasahau. Wafilipi 4:16 inatuambia walimtumia Paulo msaada Thesalonike zaidi ya mara moja. Mbegu ya usiku ule ilizaa hata chakula cha safari.

7. Daftari letu

Tulichofanya nyumbani ni kidogo tu. Nyuma ya daftari la hesabu la mtoto tulianza kuandika jambo moja kila jioni baada ya kusoma mistari michache ya Zaburi. Jumatatu niliandika: nimelipwa 500. Jumanne: hakuna kazi, jirani ametuletea sukuma wiki. Jumatano nilikaa na kalamu nikakosa cha kuandika. Mama watoto akaichukua, akaandika maneno mawili: "Umerudi mapema."

Kazi kama ile ya zamani sijapata. Kijana wa yule mama anatembea, lakini anachechemea, na bili yake tulichanga kanisa zima kwa miezi mingi. Siwaletei tetemeko leo. Nawaletea mstari wa 25, na kusema Mungu yuko hapo pia. Warumi 5:3–4 inasema dhiki huleta saburi, na mwisho wake ni tumaini. Saburi hainunuliwi. Inakuja jioni moja baada ya nyingine.

Zoezi la wiki

Kila jioni soma mistari sita ya Zaburi, kisha andika jambo moja la kushukuru. Liwe dogo na la kweli. Kama una familia, kila mtu aandike lake, hata mtoto.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ushuhuda wako wa mwisho ulianzia mstari wa 25 au wa 26?
2. Je, kuna mtu unayemkwepa kwa sababu ya aibu ya shida zako? Utamrudia vipi wiki hii?
3. Ni dhuluma gani umeinyamazia ukidhani ndiyo shukrani?
4. Katika ushirika wetu, nani anakaa kiti cha mwisho? Nani atamtembelea?

Tuombe

Baba, wako walio kwenye chumba cha ndani usiku huu. Wape wimbo, hata kama ni wa sauti ndogo. Tufumbue macho tuone kijiko. Wanaotusikiliza gizani wakusikie wewe kupitia kwetu, na sisi tusiwakimbie milango ikifunguka. Katika jina la Yesu, amina.